Maji Huingia Ukingoni

Plaiwudi ya bei nafuu inaweza kudumu katika hewa ya chumvi ya Tanga, hata kwenye gari la kulala. Inategemea pesa ulizo nazo unazipeleka upande gani wa ubao.

Plaiwudi haianzi kuoza usoni. Masika yakishapita, tembea katika barabara za Ngamiani, zile zinazoitwa kwa namba, utazame vibanda vya chipsi na vya vocha. Ubao wa mbele bado una rangi, bei bado zinasomeka. Inama. Chini, pale ubao unapokaribia ardhi, utakuta umevimba kama mkate uliotiwa majini, matabaka yameachana, rangi imenyanyuka vipande vipande. Mwenye kibanda atapaka rangi upya mbele, maana ndiko wateja wanakotazama, na mwakani atanunua ubao mwingine.

Hasara hiyo ikihamia kwenye gari inauma zaidi. Mtu anachukua Hiace iliyochoka, au tela dogo la kuvutwa, anaamua kulifanya la kulala: kitanda, kabati, jiko la gesi la mtungi mdogo, dirisha la kupitisha upepo. Anataka kutoka Tanga Ijumaa jioni, apite Pangani, avuke mto hadi Bweni, alale Ushongo, na akiwa na siku za kutosha aendelee mpaka Saadani, ambako hifadhi ya wanyama inafika kwenye mchanga wa bahari. Barabara hiyo ya mwambao, kutoka Tanga hadi Bagamoyo, imekuwa ikijengwa kwa lami, na safari za namna hii zinazidi kuwa rahisi. Fundi seremala wa Makorora au Chumbageni analiweza sanduku hilo bila shida. Useremala haujawahi kuwa tatizo la Tanga. Tatizo ni kwamba kazi ikishapakwa vanishi ikang'aa, mwenye gari anaamini imekwisha, kumbe ubao umeachwa wazi mahali pale pale maji yanapoingilia.

Ubao usio na akiba

Mbao haikauki ikaisha. Hutulia kulingana na hewa inayoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50 au 60, kama katika miezi mikavu ya bara, mbao hutulia ikiwa na maji ya asilimia 9 hadi 11 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida kabisa pwani, mbao hutulia kwenye asilimia 16 hivi, hata kama haijaguswa na tone la mvua. Wataalamu wa mbao huichukulia asilimia 20 kuwa mstari wa hadhari. Chini yake kuvu wanaoozesha mbao hawapati nafasi. Ukivukwa, na mbao ikaendelea kulowa, wanaamka.

Hesabu yake ni nyepesi na inatisha. Ubao wa Dodoma una akiba ya pointi kama 10 kabla haujafika kwenye mstari. Wa Tanga una 4. Uvujaji mdogo ambao kule ungekauka wiki hiyo hiyo, huku unatosha kuuvusha ubao, na ukishauvusha hewa haisaidii sana kuurudisha. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa nchi kavu kwamba mipako miwili ya vanishi inatosha. Inatosha kwa stuli ya sebuleni.

Chumvi nayo inaongeza yake. Inakamata unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya ubao na kwenye vichwa vya skrubu. Ukipaka rangi juu ya chumvi, inaendelea kuvuta maji ikiwa chini ya rangi, na ndipo malengelenge yanapotokea. Kwa anayejenga Raskazone, Sahare au Kigombe, kazi ya kwanza kabla ya kugusa brashi ni ndoo ya maji baridi na kitambaa safi, kisha ubao uachwe ukauke kivulini penye upepo.

Kabla ya kununua

Tanga iliwahi kutengeneza plaiwudi yake. Kiwanda cha Sikh Saw Mills kilimenya magogo yaliyoshushwa kutoka misitu ya Usambara ya Mashariki, na baada ya kuwa chini ya shirika la umma la mbao kilipata msaada wa Finland. Misitu ile ina mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Ukataji wa mashine ulipingwa hadi ukakomeshwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ilikuwa haki kuukomesha. Leo plaiwudi nyingi ya ndani inatoka Mufindi na Njombe, imetengenezwa kwa misindano na mikaratusi ya kupandwa. Ni miti inayokua haraka, na mbao yake changa haina ile kinga ya asili inayoufanya mvule, au mtiki wa Longuza kule Muheza, ukatae kuoza. Ulinzi wote lazima utoke kwenye gundi na kwenye mkono wa fundi.

Gundi ni za namna mbili kubwa. Ipo ya urea, yenye rangi nyepesi, ya fanicha za ndani; joto na maji vikiandamana huivunja. Ipo ya fenoli, ya kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi, isiyoogopa hata maji yanayochemka. Safari ya gundi zisizoshindwa na maji ilipiga hatua kubwa mwaka 1934, pale James Nevin, mkemia wa kiwanda cha Harbor Plywood mjini Aberdeen, jimbo la Washington, Marekani, alipopata ya kwanza iliyoiwezesha plaiwudi kuaminiwa nje ya nyumba. Ukiutazama ukingo wa ubao ukaona mistari myeusi kati ya matabaka, ni dalili njema, ingawa dalili si ushahidi.

Dukani utaambiwa kuhusu marini. Mara nyingi huo ni ubao wenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa, uliokusudiwa kumwagia zege. Si ubao mbaya. Ngozi yake inazuia maji vizuri, lakini rangi haiishiki, na ukishaukata kingo zake ziko uchi kama za ubao mwingine wowote. Plaiwudi halisi ya boti ina kiwango chake, BS 1088 cha Uingereza, chenye masharti makali kuhusu mapengo ya ndani na gundi inayostahimili kuchemshwa kwa muda wa saa 72. Bei yake ni ya boti pia.

Mwenye mfuko wa kawaida afanye jaribio la jikoni. Aombe kipande cha mabaki, ukubwa wa kiganja, akichemshe kwenye sufuria kwa muda wa saa 4, akianike mpaka kikauke, akichemshe tena vile vile. Kikibaki kimeshikamana, ubao huo unaweza kuwa ukuta wa nje. Kikifumuka, utafaa kwa kabati la ndani, au uachwe dukani. Mkaa wa kuchemshia ni bei ndogo sana ukilinganisha na kubomoa ukuta mzima mwaka wa pili.

Uzito nao uangaliwe mapema. Ubao wa futi 8 kwa 4 wenye unene wa milimita 12 una karibu kilo 20. Wa milimita 18 unakaribia 30. Kwa kuta, milimita 9 juu ya fremu nzuri inatosha, na sakafu iwe 12. Watu wengi huongeza unene wakidhani wananunua uhai wa ubao. Ubao mnene wenye kingo wazi unaoza sawasawa na mwembamba, tena kwa gharama zaidi.

Wanavyofanya mafundi wa vyombo

Watu wa mwambao huu walikuwa wanapambana na maji ya chumvi kwa mbao kabla rangi ya kopo haijaja. Shule iko ufukweni: Deep Sea, Kigombe, Pangani, Kipumbwi, popote mashua inapopandishwa na maji ya bamvu na kuachwa juu ya mchanga. Tazama fundi anakopeleka mikono yake. Hamalizi siku kwenye ubavu mpana wa chombo. Yuko kwenye nafasi iliyo kati ya ubao na ubao, anapiga kalafati: pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, inashindiliwa kwa patasi butu na nyundo mpaka isikubali kuingia zaidi. Msumari unazungushiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla haujapigiliwa, ili tundu lake lisiwe mlango wa maji. Sehemu inayozama inapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, dhidi ya wadudu wanaotoboa mbao baharini. Juu panapakwa sifa, mafuta ya papa. Chombo kinapandishwa tena na tena, kinachomwa chini kwa moto wa makuti kuua wadudu, kinapakwa upya, kinarudi majini.

Ninachokiona hapo ni mpangilio. Viungo kwanza, matundu ya misumari baadaye, uso mwisho. Mwenye kibanda cha Ngamiani anafanya kinyume chake, na wengi wetu tunaojenga magari ya kulala pia. Tena fundi wa vyombo harudii kazi kwa kuwa ya mwanzo ilikuwa mbovu. Anairudia kwa sababu hiyo ndiyo namna ya kumiliki kitu cha mbao karibu na bahari, na gharama ya kurudia ameihesabu tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo si kila dawa ya chombo inaifaa plaiwudi, na hapa pana makosa yanayofanywa kwa nia njema. Ubao mzima wa mvule ukinywa maji hupanuka, ukaibana kalafati, uvujaji ukakoma. Ndiyo sababu chombo kilichokaa sana juu ya mchanga huvuja siku za mwanzo majini kisha kikatulia. Plaiwudi imelazwa matabaka yanayopishana, nyuzi za moja zikilizuia jingine lisitanuke. Maji yakiingia, nguvu ya kuvimba haina pa kwenda ila kwenye unene, na kinachochanika ni gundi. Kwa plaiwudi, kuvimba hakuzibi kitu.

Mafuta nayo yachaguliwe. Mafuta ya nazi hayakauki yakawa ngozi, hata yakae mwaka. Yanabaki mafuta, na rangi itakayopakwa juu yake haitashika. Oili chafu ya injini ni mbaya zaidi. Inatumika sana kwenye nguzo za uzio na mabodi ya malori, lakini ina kemikali zinazohusishwa na saratani, na mtu anayelala usiku kucha kwenye sanduku lililopakwa oili chafu anazivuta. Sioni punguzo la bei linaloweza kulihalalisha hilo.

Kuna mafuta mengine ya kwetu yanayonipa hamu. Ganda la korosho, na mkoa wa Tanga unalima korosho, lina mafuta makali yanayobabua ngozi, ambayo viwandani hugeuzwa kuwa vanishi na rangi za kuzuia maji. India wamekuwa wakiyapaka kwenye mashua zao. Yakiwa mabichi si ya kuchezewa nyumbani. Lakini nchi inayosafirisha korosho nyingi zikiwa na maganda yake, huku ikiagiza vanishi kutoka nje, ina kazi ambayo mtu mmoja mwenye bidii angeweza kuianza hapa hapa.

Hesabu ya ukingo

Chukua ubao mzima wa futi 8 kwa 4, unene wa milimita 12. Nyuso zake mbili zina jumla ya karibu mita 6 za mraba. Ukizunguka kingo zake zote nne unapata mita 7 na sentimita 32, na eneo la kingo hizo halifiki hata sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Ni chini ya asilimia 2 ya ubao wote. Lakini hapo ndipo mirija ya mti ilipokatwa, ile iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini, na mbao hunyonya kupitia hapo mara nyingi zaidi kuliko kupitia ubavuni.

Kwa hiyo dawa ghali kuliko zote dukani, yaani epoksi, ukiipeleka kwenye kingo tu, haikumalizi. Ni mzigo kwa anayetaka kuipaka gari zima. Kwa kingo za mbao 8, pamoja na zile za madirisha na milango, lita moja inakwenda mbali sana. Hii ndiyo sababu nasema bajeti ndogo haimnyimi mtu kazi nzuri; inamlazimisha tu aamue.

Lainisha ukingo kwa msasa namba 80, usiung'arishe, maana ukingo uliong'aa unakataa kunywa. Mapengo yaliyo ndani ya matabaka yajazwe kwa epoksi iliyokorogwa na vumbi laini la msumeno. Kisha paka epoksi ikiwa yenyewe, bila thina, subiri kidogo, utaona imenyweka. Paka tena kabla haijakauka, na tena, mpaka ukingo ukatae. Fanya hivyo baada ya kukata kila kipande na kabla ya kukiunganisha, kwa kuwa ukingo ukishafichwa ndani ya kiungo hakuna brashi itakayoufikia.

Saa ya kupaka ina maana kubwa kuliko jina la kopo. Ubao una hewa ndani. Ukiupaka asubuhi na jua likawa linapanda, hewa hiyo hutanuka, ikatoka kwa vipovu vidogo na kuutoboa mpako, na kila kipovu ni tundu la maji. Upake alasiri, ubao unapoanza kupoa, hewa inasinyaa na dawa inavutwa ndani. Kazi iwe chini ya paa, umande wa usiku usiifikie. Mbinu hii haigharimu hata senti, na ninashangaa ni mara chache kiasi gani inafuatwa.

Asiyeimudu epoksi kabisa achanganye mafuta ya kitani yaliyochemshwa, vanishi na tapentaini, sehemu sawa, avinyweshe kingo kwa namna ile ile. Haufikii epoksi, lakini ni mchanganyiko wa zamani wa wajenzi wa mashua na unaheshimika. Ila matambara yaliyofutiwa mafuta ya kitani yana hatari ambayo wengi hawaijui: yakikunjwa na kurundikwa hujipasha moto yenyewe mpaka yakawaka, na joto letu linaharakisha jambo hilo. Yaanikwe moja moja nje kwenye hewa, au yazamishwe kwenye ndoo ya maji. Usiyaache kwenye karakana usiku.

Tundu la skrubu ni ukingo pia, uliojificha. Kwa kiungo kinachokabili mvua, toboa tundu pana kuliko skrubu, lijaze epoksi, ikishaganda toboa tena tundu dogo katikati yake. Skrubu inabaki imezungukwa na epoksi, haigusi mbao. Kazi ni ndefu, kwa hiyo ifanywe paani na kwenye madirisha, si kila mahali. Zile skrubu nyeusi za gipsamu, kwa bei yake na wepesi wake, zinatumika kila mahali na hazifai hapa. Pwani hazichukui muda kushika kutu, na kutu ya chuma inaila mbao inayoizunguka, mpaka skrubu inabaki ikicheza kwenye tundu bovu. Nunua za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu, hata ikibidi idadi ipungue.

Na maji yapewe njia ya kuondoka. Ubao wa chini wa ukuta usikae juu ya mkanda wa chuma unaotuamisha maji, mkanda utobolewe. Ukingo wa paa ushuke kidogo kupita ukuta, na chini yake pakatwe mfereji mwembamba kwa msumeno, ili tone likifika hapo lidondoke badala ya kurudi ukutani. Wanaojenga nyumba wanalijua hili kwenye vizingiti vya madirisha. Kwenye magari linasahaulika.

Amerikani na gundi

Sasa uso. Vinia, yaani tabaka jembamba la plaiwudi, humenywa kwa kuzungusha gogo mbele ya kisu kirefu, na inapokunjuka kutoka kwenye kisu hupata nyufa ndogo zisizoonekana upande mmoja. Jua la mchana na unyevu wa usiku huzifungua na kuzifunga kila siku, mpaka rangi iliyo juu inapasuka kwa mistari mirefu inayofuata nyuzi. Watu humlaumu fundi rangi, au huilaumu rangi yenyewe. Hakuna rangi ya kawaida inayoweza kuuvuka ufa unaofunguka kila siku. Kitambaa kinaweza.

Jambo hili ni la zamani. Mabehewa ya reli ya Uingereza yalikuwa na paa za mbao zilizofunikwa turubai la pamba lililogandishwa kwa rangi nzito ya risasi, na wajenzi wa mitumbwi wa Maine, Marekani, walifunika mbao nyembamba kwa turubai na rangi tangu karne ya 19. Wanaojijengea matela ya kulala kwa pesa kidogo bado wanafanya hivyo, kwa shuka kuukuu na gundi ya mbao, kwa sababu faiba ni ghali. Sisi tuna amerikani, kitambaa cheupe cha pamba kilicholetwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, tangu karne hiyo hiyo ya 19, na kitambaa cha aina hiyo hakikosekani kwa wauza vitambaa.

Kifue kwanza, kitoke wanga na kirudi kama kinataka kurudi, kisha kipigwe pasi. Gundi iwe ya kustahimili maji. Gundi nyeupe ya kawaida ya fanicha hulainika tena ikilowa, kwa hiyo tafuta chupa iliyoandikwa D3 au D4, madaraja ya Ulaya ya gundi za mbao zisizoogopa unyevu. Paka gundi kwa rola juu ya ubao uliopigwa msasa, tandaza kitambaa, kamua hewa kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda nje, kisha paka gundi nyingine juu, iliyopunguzwa maji kidogo, mpaka nguo iloe yote. Kwenye pembe, vipande vipishane angalau sentimita 5, na cha paa kilale juu ya cha ukuta. Kikikauka, paka rangi ya maji ya nje, mipako mitatu au zaidi. Rangi ya aina hiyo inanyumbulika, ndiyo maana inaizidi ya mafuta kwa kazi hii. Iwe nyeupe au ya kukaribia nyeupe. Paa jeusi juani linachoma hata kuligusa, na joto hilo ndilo linalozifungua zile nyufa.

Wanaotengeneza boti za faiba watakushauri rezini yao ya kawaida. Kwa boti ya faiba tupu ni sahihi. Juu ya mbao, rezini hiyo haishiki kama epoksi inavyoshika. Maji yakipata njia moja tu hutambaa kati ya faiba na ubao, na siku moja unabandua ngozi nzima kwa mkono huku ubao wa chini umeoza kimya kimya. Ukiwa na pesa ya faiba, iwe na epoksi, na juu yake rangi, kwa sababu jua huivunja epoksi. Ukiwa huna, amerikani na gundi, vikitunzwa, vinanitosheleza mimi.

Maji ya ndani

Maji mengine hayatoki mawinguni. Watu wawili waliolala hutoa kwa pumzi na jasho zaidi ya nusu lita ya maji usiku mmoja. Ushongo, madirisha wazi na upepo ukipita, hutaiona. Panda gari hilo hilo mpaka Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ufunge madirisha kwa baridi: asubuhi bati la ndani linatiririka, na maji yote yanaishia nyuma ya plaiwudi ya ukutani na chini ya godoro. Kwa hiyo mgongo wa ubao, ule usioonekana na mtu, upakwe kabla haujafungwa, tena kwa uangalifu ule ule wa mbele. Acha nafasi ya kidole kati ya bati na ubao, na iwe wazi chini na juu ili hewa ipite. Ubao wa kitanda utobolewe matundu mengi, na kila tundu linyweshwe dawa. Dirisha moja dogo lisifungwe hata Lushoto.

Miezi ya kazi hii ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa chache. Machi mwanzoni, kabla ya masika, chukua bisibisi ulizunguke gari lote, ukigusa kila pembe ya chini, kila dirisha, kila skrubu ya paa. Panapolainika, pamekwisha; ukilala na tumaini kwamba rangi mpya itapaponya, masika yatakumalizia ukuta. Kata sehemu hiyo mpaka ufikie ubao mzima, mkavu, unaolia ukigongwa. Weka kiraka chenye kingo zilizonyweshwa epoksi kabla ya kugundishwa, nyuma yake kikiwa kimeshapakwa, kisha rudisha kitambaa juu kwa upana unaovuka kiungo sentimita 5 kila upande.